Ibn Zuhr na koo la mbuzi: Somo kwa wazazi wanaowakatisha watoto vimeo

Ukiwauliza Waislam kumi hapa Mpanda mjini wakutajie tabibu mmoja mkubwa wa Kiislam wa karne zilizopita, tisa watakutajia Ibn Sina na wa kumi atanyamaza. Si jambo baya, maana Ibn Sina ni bahari. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka nikueleze habari za tabibu mwingine ambaye jina lake halisikiki sana katika darsa zetu wala katika khutba za Ijumaa, ilhali jambo moja alilolifanya akiwa bado mwanafunzi linagusa kila nyumba yenye mtoto mdogo. Tabibu huyo ni Abu Marwan Abdul-Malik ibn Zuhr wa Andalus. Wazungu walilipindua jina lake wakamwita Avenzoar.

Jambo lenyewe linahusu koo, na hasa ile njia ya hewa inayotoka puani na mdomoni, ikapita kwenye zoloto na kushuka hadi mapafuni. Binadamu anaweza kukaa bila chakula kwa siku kadhaa, na sisi tunaofunga Ramadhani tunajua kuwa bila maji pia mtu huvumilia kwa muda. Bila hewa hakuna uvumilivu. Njia hiyo ikiziba kabisa, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Ndiyo maana mganga wa dharura anapopokea mgonjwa aliyezimia, miongoni mwa maswali yake ya mwanzo kabisa ni kama njia ya hewa iko wazi. Hunyanyua kidevu cha mgonjwa ili ulimi usizibe koo, hufyonza damu na matapishi, humpulizia hewa kwa mfuko maalum na kinyago. Ikibidi, humpitishia mpira mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa. Na ikiwa njia ya mdomoni imeshindikana kabisa, unabaki mlango mmoja wa mwisho, nao ni kutoboa bomba la hewa kwa mbele ya shingo. Ni juu ya mlango huu wa mwisho Ibn Zuhr aliacha alama yake.

Ibn Zuhr alizaliwa Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbilia, katika miaka ya mwanzo ya 1090. Ukoo wake, Banu Zuhr, ulitokana na kabila la Iyad la Bara Arabu, ukahamia Andalus na kutoa wanazuoni na matabibu kizazi baada ya kizazi. Babu yake alifanya utabibu Kairouan na Misri kabla ya kurudi Andalus. Baba yake, Abul-Alaa Zuhr, alikuwa tabibu wa watawala. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara mmoja alimletea baba huyo nakala nzuri ya kitabu cha al-Qanun cha Ibn Sina kama zawadi. Abul-Alaa alikisoma, hakukipenda, akawa anakata pembezoni mwa kurasa zake na kuandikia wagonjwa dawa juu ya vipande hivyo. Tunaweza kusema alimkosea heshima Ibn Sina. Lakini kisa hiki kinatuonesha aina ya nyumba aliyokulia kijana Abu Marwan. Katika nyumba ile jina kubwa la mwandishi halikutosha kuifanya kauli yake ikubaliwe.

Kijana huyo alisoma fiqhi, lugha na fasihi kama watoto wengine wa ukoo wake, kisha akasomeshwa utabibu na baba yake mwenyewe. Akiwa bado mdogo, baba alimlisha kiapo cha matabibu, kile kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani, kinachomfunga tabibu asimdhuru mgonjwa wake. Kwa hiyo kabla hajapewa kisu mkononi, alipewa mpaka.

Sasa tufike kwenye koo. Wayunani wa kale walikuwa wamezungumzia kupasua bomba la hewa kwa mgonjwa anayekaribia kufa kwa kuzibwa koo. Wapo walioeleza namna ya kulipasua, na wapo waliolipinga wakisema gegedu la bomba la hewa likishakatwa haliungi, kwa hiyo mgonjwa aliyeponea kwenye kuzibwa atakufa kwa kidonda. Mjadala huo ulirithiwa na matabibu wa Kiislam. Al-Zahrawi wa Cordoba, mpasuaji mkubwa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kwamba hakumjua mtu katika nchi yake aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Lakini alisimulia kisa cha kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alipoitwa alikuta hewa inatoka kwenye jeraha, akalishona na kulitibu, na binti yule akapona, isipokuwa sauti yake ilibaki na mkwaruzo. Kutokana na kisa hicho al-Zahrawi akaona kwamba jeraha la zoloto si lazima liue.

Ibn Zuhr akiwa mwanafunzi aliyasoma maneno ya waliotangulia, akabaki na swali lile lile. Je, bomba la hewa likikatwa linaunga au haliungi? Hapa ndipo ulipo ukubwa wake. Alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kufuata kauli ya wakubwa na kunyamaza. Ya pili ilikuwa kusubiri mgonjwa anayekata roho, amjaribie kisu kwa kisingizio kwamba atakufa tu. Alichagua njia ya tatu. Alichukua mbuzi. Akapasua ngozi ya shingo, kisha utando ulio chini yake, kisha akalikata bomba la hewa na kuondoa sehemu ndogo, kiasi cha punje ya mmea wa jamii ya kunde. Baada ya hapo akawa analiosha jeraha kwa maji na asali, akaendelea hivyo mpaka likafunga. Mbuzi yule alipona kabisa na akaishi muda mrefu. Ibn Zuhr akayaandika hayo katika kitabu chake, ili atakayekuja baada yake ajue kwamba gegedu lile linaunga.

Ndugu msomaji, naomba tuiangalie vizuri sehemu ya mwisho ya kisa hiki, maana watu wengi wakisimulia huishia kwenye kisu. Kukata ni kazi ya muda mfupi, hata mchinjaji wa buchani anaweza. Kazi ya Ibn Zuhr ilikuwa kumtunza yule mnyama baada ya kukata, kumuosha, kumtazama siku baada ya siku, kisha kusema ukweli wa alichokiona.

Na ukweli huo una mipaka yake, ambayo sisi Waislam wa leo hatuna budi kuiheshimu. Siku hizi zinazunguka makala na mihadhara inayodai kwamba Waislam ndio waliovumbua kila kitu katika hospitali. Ibn Zuhr mwenyewe hakudai hivyo. Alitambua kwamba waliomtangulia walilizungumza jambo hili, na jaribio alilolieleza ni la mbuzi, si la mgonjwa. Alichoongeza ni ushahidi. Kumsifu mtu kwa asichokifanya ni kumvunjia heshima kwa kile alichokifanya kweli. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislam, si daktari, na kazi yangu inanifundisha kwamba habari haipokelewi bila kuchunguzwa njia iliyopitia. Wanazuoni wetu wa hadithi walisimama kwenye msingi huo, na Ibn Zuhr alisimama kwenye msingi unaofanana nao katika utabibu.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Alianza kwa kuwatumikia watawala wa Murabitun, na mwaka 1121 alimwandikia mmoja wa wana wa kifalme, Ibrahim ibn Yusuf, kitabu kiitwacho al-Iqtisad, kuhusu kuzitengeneza nafsi na miili. Lakini baadaye alikosana na mtawala Ali ibn Yusuf, akafungwa Marrakesh. Mtu aliyetoka katika nyumba ya mawaziri na matabibu akaonja jela. Dola ya Murabitun ilipoanguka na Muwahhidun wakaiteka Marrakesh mwaka 1147, Ibn Zuhr alirudi kwenye heshima yake na kuwa tabibu wa Khalifa Abdul-Mu'min.

Kuna kisa mashuhuri cha zama hizo. Khalifa alihitaji dawa ya kuharisha lakini alikuwa hapendi kabisa kuinywa. Ibn Zuhr hakumlazimisha wala hakumwacha. Aliuendea mzabibu mmoja, akawa anaumwagilia maji aliyoloweka dawa zile, mpaka zabibu zake zikachukua nguvu ya dawa. Kisha akampa Khalifa azile. Alipokula kumi akamwambia zinatosha, na kazi ikafanyika kwa idadi hiyo hiyo. Tunaambiwa cheo chake kilizidi kupanda baada ya siku ile.

Kitabu chake kikubwa ni al-Taysir, alichokiandika kwa ombi la rafiki yake mdogo kwa umri, Ibn Rushd, yule yule faqihi na mwanafalsafa wa Cordoba. Ibn Rushd aliandika juu ya misingi ya jumla ya utabibu, na akawaelekeza wasomaji wake kwenye kitabu cha Ibn Zuhr kwa matibabu ya ugonjwa mmoja mmoja. Ndani ya al-Taysir ameeleza kuvimba kwa mfuko unaouzunguka moyo na uvimbe wa njia ya chakula. Amemweleza pia yule mdudu mdogo sana anayetoka kwenye ngozi ya mwenye upele. Na kwa mgonjwa ambaye umio wake umeziba au umelegea asiweze kumeza, alieleza kupitisha bomba la fedha kooni ili kumlisha kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtu huyu aliishughulikia milango yote miwili ya kooni, wa hewa na wa chakula.

Alifariki Seville mwaka 557 Hijria, sawa na 1161 au 1162 Miladia, kwa uvimbe mbaya uliomtoka mwilini. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijitibu mwenyewe, na mwanawe Abu Bakr, naye tabibu, akimshauri abadilishe dawa hii kwa ile. Mzee akamjibu kwa upole kwamba ikiwa Allah amepanga mwili huu ubadilike, hatamwezesha kutumia dawa ila ile inayopelekea huko. Alijitibu mpaka mwisho, na alijua tiba inaishia wapi.

Aliacha watoto wawili waliorithi elimu yake. Abu Bakr, aliyejulikana kama al-Hafid, akawa tabibu na mshairi mkubwa. Na binti yake, dada wa huyo Abu Bakr, akawa tabibu hodari wa maradhi ya wanawake, naye akamfundisha binti yake. Wanahistoria wanatueleza kuwa katika nyumba ya Khalifa Ya'qub al-Mansur, akina mama walizalishwa na wanawake hawa wawili tu wa nyumba ya Ibn Zuhr.

Elimu ile haikufa. Al-Taysir ilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 13 na ikachapishwa Venice mwaka 1490. Karne zikapita. Mwaka 1878 daktari William Macewen wa Glasgow alipitisha bomba mdomoni hadi kwenye njia ya hewa bila kupasua shingo, ili mgonjwa apumue wakati wa upasuaji. Mwaka 1885 Joseph O'Dwyer wa New York akaanza kuwawekea mabomba watoto waliokuwa wakifa kwa kuzibwa koo na dondakoo. Mwaka 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alitumia tundu la shingoni, na mamia ya wanafunzi wa udaktari wakapokezana kuwapulizia wagonjwa hewa kwa mikono yao usiku na mchana. Kwetu Tanzania, idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura ilifunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo.

Nimesema habari hizi zinatugusa, na sasa niseme kwa nini. Katika mikoa mingi ya nchi yetu, na Katavi haimo nje, mtoto akikohoa wiki mbili, akikataa kunyonya au akitapika, jirani atamwambia mama kwamba ni kimeo kimeshuka. Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mtu ameumbwa nacho. Mtoto atapelekwa kwa mkataji, atashikwa mikono na miguu, kitakatwa, na atarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Wanaofanya hivi si watu wabaya. Ni wazazi wenye hofu, na wengine ni Waislam wenzetu tunaosimama nao safu moja msikitini. Lakini jambo lenyewe ni hatari. Damu inayotoka nyuma ya kaakaa la mtoto huelekea kwenye njia ile ile ya hewa niliyoieleza. Wembe usiotakaswa huingiza vijidudu, pepopunda na hata virusi vya Ukimwi. Na ugonjwa wenyewe, ambao huenda ulikuwa nimonia au kifua kikuu, unaendelea ndani huku siku za matibabu zikipotea.

Hebu tulinganishe. Kijana wa Andalus, karne tisa zilizopita, hakuthubutu kujaribu kisu kwenye koo la mtu. Alianza na mbuzi, akamuuguza hadi akapona. Sisi leo, wenye hospitali ya mkoa mjini na vituo vya afya wilayani, tunampa mtu asiyesoma koo la mtoto wetu, na baada ya kukata hakuna anayerudi kutazama kama kidonda kimefunga. Nani hapa anaishi zama za giza?

Wapo watakaosema hii ni tiba ya jadi, na wazee wetu walikatwa wakaishi. Ni kweli wengi waliishi, lakini waliofukiwa wachanga hawakubaki wakatusimulia. Dini yetu pia haikuliacha jambo hili bila hukumu. Tunayo mafundisho ya Mtume (s.a.w.), yaliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Na kila Mwislam anajua uzito ambao Qur'an, katika Suratul Maida aya ya 32, imeupa uhai wa nafsi moja.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, maimamu na walimu wa madrasa tulisemee jambo la kimeo waziwazi. Mtoto anayekohoa muda mrefu, anayepumua kwa haraka au ambaye mbavu zinaingia ndani anapopumua, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa anayetoka mbali, kama vile Karema, Mishamo au Inyonga, kila saa inayopotea kwa mkata kimeo ni saa aliyoikopa kwenye safari ya hospitali.

Pili, madrasa zetu ziwaalike wauguzi waje kufundisha huduma ya kwanza ya mtu aliyepaliwa. Ukanda wetu ni wa karanga, na karanga ni miongoni mwa vitu vinavyoziba sana njia ya hewa ya watoto wadogo. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti apigwe makofi matano ya nguvu mgongoni kati ya mabega, kisha asukumwe tumboni juu ya kitovu mara tano, na kurudia. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumboni, bali hubonyezwa katikati ya kifua. Na asichokurwe kooni kwa kidole bila kuona, maana kidole kinaweza kukisukuma kitu ndani zaidi. Haya hayahitaji mashine wala fedha, yanahitaji jioni moja tu ya kufundishwa na mikono ya kufanyia mazoezi.

Tatu, tuwaachie mabinti zetu wasome sayansi. Tunapenda sana kudai kwamba wake zetu wahudumiwe na wanawake wanapojifungua, na ni dai la haki. Lakini ni nyumba ngapi za Kiislam zinazomtia moyo binti kusoma Baiolojia na Kemia mpaka afike chuo cha uuguzi au udaktari? Mtoto anapozaliwa halii, ni mkunga anayemkausha, kumfungulia njia ya hewa na, ikibidi, kumpulizia hewa kwa kinyago ndani ya dakika ile ya kwanza ya maisha yake. Mkunga huyo atatoka nyumba gani, kama kila nyumba inasubiri atoke nyumba nyingine? Ibn Zuhr hakusubiri. Binti yake na mjukuu wake walisoma, na akina mama wa zama zao wakapata wa kuwahudumia.

Allah amrehemu Abu Marwan ibn Zuhr, atusamehe sisi tunaojivunia majina ya wema waliotangulia huku tukiziacha kazi zao, na awahifadhi watoto wetu. Wallahu a'lam.